Mtoro Si Mhalifu: Funzo la Vijakazi wa Jana kwa Mabinti wa Leo

Katika mji wa Kitale, ndani ya uwanja wa klabu ambayo walowezi wa Kizungu walijijengea katika miaka ya 1920, pana mawe yaliyopangwa kwa umbo la duara. Wenyeji husimulia kwamba hapo ndipo misafara ya wafanyabiashara wa pwani ilipowakusanya watumwa kabla ya kuanza safari ndefu ya kuteremka kuelekea baharini. Leo wachezaji wa gofu hupita karibu na mawe hayo wakiufuata mpira wao, na wanafunzi wanaoletwa Kitale kuyatazama makavazi ya mji huo wanaweza kurejea makwao bila kuonyeshwa. Si ajabu. Mawe hayasemi, nasi hatujajizoeza kuyauliza.

Wala kisa hiki si cha Kitale peke yake. Ukiteremka kutoka Kitale ukaipita Bungoma, utafika Mumias, mahali ambapo wasafiri wa karne ya 19 walipajua kwa jina la Kwa Sundu. Hapo palikuwa kituo cha misafara ya Waswahili na Waarabu waliotafuta pembe za ndovu na watumwa. Joseph Thomson, yule Mskochi aliyefika huko mwaka 1883, hakuwa wa kwanza kutoka pwani. Nyayo za misafara zilikuwa zimekwisha kumtangulia.

Lakini hebu tujiulize, msomaji: ni akina nani waliokusanywa katika vituo vile? Mwambie mwanafunzi wa shule ya upili achore picha ya mtumwa, naye atakuchorea mwanamume aliyefungwa mnyororo shingoni. Picha hiyo si ya uongo, ila ni nusu tu ya ukweli. Katika utumwa wa Afrika Mashariki wanawake na watoto walikuwa wengi mno, na huku bara wanawake ndio waliotafutwa zaidi, kwa kuwa mwanamke alilima, alipika, alichota maji, tena alizaa, na uzao wake ukaongeza jamaa ya bwana wake. Sasa mwulize mwanafunzi huyo huyo wanawake hao walifanya nini ili kujikomboa, na huenda asiwe na jibu. Amefunzwa kwamba utumwa ulikomeshwa na manowari za Waingereza na mikataba ya masultani. Kijakazi, kwa mafunzo hayo, alikaa tu akangoja kufunguliwa.

Makala haya yanakusudia kuikanusha fikira hiyo. Hatufanyi hivyo ili kuwaliwaza wafu, ambao hawana haja na maliwazo yetu. Tunafanya hivyo kwa sababu mabinti wanaomaliza masomo Bungoma na Kitale wamo leo katika nyumba za ugenini ambazo milango yake imefungwa kwa nje, na jamaa zao hawajui wawashauri nini. Vijakazi wa kale walipigana kwa njia tatu: waliondoka, walishtaki, na walisema. Katika njia zote tatu kizuizi kikubwa kilikuwa kimoja, nacho ni ukuta wa nyumba ambao sheria ilikataa kuuvuka. Anayezifahamu njia hizo tatu pamoja na ukuta huo atayaelewa mambo ya leo vizuri zaidi kuliko anayesoma vichwa vya habari pekee.

Tuanze na kuondoka. Katika miaka ya 1870 na 1880, watumwa waliokimbia mashamba ya Malindi, Mombasa na kwingineko pwani walijijengea vijiji vyao wenyewe katika nyika, mashuhuri miongoni mwavyo kikiwa Fuladoyo. Wengine walikimbilia misheni, hasa Rabai. Wanawake walikuwamo kati ya watoro hao, na wapo waliotoroka na watoto mgongoni. Watoro wa misheni walikuwa wengi kiasi kwamba George Mackenzie, wakala wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, alilazimika kuwalipa mabwana wao fidia, na siku ya Januari 1, 1889 watu wapatao 1,400 wakapewa hati za uhuru huko Rabai. Tuzingatie mfuatano wa mambo hayo. Hati haikutangulia uhuru. Watu waliondoka kwanza, wakalima, wakajenga, wakakataa kurudi, na ndipo wakubwa wakaona hawana budi kuandika karatasi.

Hata hivyo, si kila mwanamke aliyeweza kukimbia. Mwenye mtoto anayetambaa hakimbii kama kijana wa miaka ishirini. Ndiyo maana upinzani wa wanawake ulichukua sura ambazo jicho lenye haraka halizioni. Katika miaka ya 1860 msichana mdogo wa Kiyao aliyeitwa Swema alitwaliwa kwa ajili ya deni la mama yake. Mama huyo hakukubali kutenganishwa na mwanawe. Aliomba afuatane na msafara, akabebeshwa pembe ya ndovu, na alipoishiwa nguvu akaachwa njiani afe. Swema alifikishwa Unguja akiwa mahututi, akazikwa kabla hajakata roho, akafukuliwa na msamaria mwema na kupelekwa kwa watawa wa misheni ya Kikatoliki. Alisimulia, simulizi yake ikaandikwa, na ndiyo sababu mama yule hakusahaulika. Je, mama aliyeuingia msafara kwa hiari yake alikuwa ameukubali utumwa? La hasha. Alikuwa amekataa jambo moja ambalo utumwa ulilihitaji kuliko yote, yaani kumfanya mtu asiwe na wa kwao.

Kisa kingine kinatoka Katanga. Mwanamke aitwaye Bwanikwa aliuzwa na kupokezanwa na mabwana wapatao kumi tangu utoto wake. Mwishowe aliishi kama mke wa mtu ambaye, kwa desturi za nyakati hizo, bado alihesabiwa kuwa mwenye mali juu yake. Bwanikwa hakutoroka. Alifanya kazi kwa mikono yake, akadunduliza, na kufikia mwaka 1911 alikuwa amemlipa mumewe fidia ya nafsi yake. Akabaki katika nyumba ile ile, na mume yule yule, lakini si kwa hali ile ile. Kwa mtu wa nje hapakuwa na tofauti yoyote. Kwa Bwanikwa tofauti ilikuwa kubwa kama ile ya usiku na mchana, kwa kuwa tangu siku hiyo alikuwa na uwezo wa kuondoka, na akikaa, alikaa kwa kupenda.

Njia ya pili ilikuwa kushtaki, na hapo ndipo tunapokutana na ukuta wa nyumba. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873 kwa mkataba wa Sultani Barghash. Tarehe 6 Aprili 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed akatoa amri ya kuondoa utumwa katika sheria za Unguja na Pemba. Kuanzia hapo mtumwa aliweza kufika mahakamani kudai uhuru wake, na wanawake wengi walifanya hivyo. Hata hivyo amri hiyo ilikuwa na kifungu kuhusu masuria, yaani vijakazi waliowekwa nyumbani kama wake wa bwana. Hao walihesabiwa kuwa watu wa ndani, wabaki kama walivyo, isipokuwa suria athibitishe mahakamani kwamba ametendewa ukatili, au, kama hakuzaa, akombolewe kwa idhini ya mahakama. Iliwabidi masuria wangoje hadi mwaka 1909 ndipo mlango wa sheria ukafunguka kwao kama kwa wengine. Kwa miaka kumi na miwili, basi, mwanamume wa shambani alihitaji kusema tu kwamba hataki utumwa, hali mwanamke wa chumbani alitakiwa kuonyesha makovu.

Kwa nini sheria iliwaacha nyuma? Sababu iliyotolewa ilikuwa kulinda heshima ya nyumba. Wakoloni hawakutaka kuwaudhi matajiri wa Unguja kwa kuingia ndani ya familia zao. Shamba lilikuwa mahali pa kazi, kwa hiyo sheria iliweza kuliona. Nyumba ilikuwa mahali pa siri, kwa hiyo sheria ikafumba macho. Msomaji aishike hoja hii, maana tutaikuta tena mbele, nayo imevaa nguo nyingine.

Njia ya tatu ilikuwa kusema. Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880, katika ukoo wa watumwa. Alipohamia mjini mwaka 1911 alikuwa mfinyanzi na mchuuzi wa vyungu. Alipofariki mwaka 1950, sauti yake ilikuwa imesikika kote Afrika Mashariki, kwani mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay kurekodi nyimbo za Kiswahili katika santuri. Baadhi ya nyimbo hizo zilizungumzia dhuluma waliyotendewa wanyonge, wanawake wakiwemo, pamoja na upungufu wa mahakama katika kuwatendea haki. Shaaban Robert aliona maisha yake yanastahili kuandikiwa wasifu, na walimu wa fasihi wanaufahamu. Katika miaka hiyo hiyo wanawake waliotoka utumwani waliivua kaniki nyeusi, vazi lililowatambulisha kuwa watumwa, wakajitanda kanga za rangi. Anayedhani kanga ni pambo tu na aujue mwanzo huo. Ilikuwa namna ya kusema hadharani: mimi si wa mtu.

Turudi sasa huku kwetu bara. Utumwa wa misafara ulipokoma, mabwana wapya waliwasili kwa reli. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia ardhi ya Trans Nzoia iligawiwa walowezi, na mwaka 1926 reli ikafika Kitale. Wabukusu na jirani zao wakawa maskwota katika nchi ambayo baba zao walichungia ng'ombe. Sheria ya Mabwana na Watumishi ya mwaka 1906 ilikuwa imekwisha kuifanya hatua ya kuacha kazi bila ruhusa kuwa kosa la jinai, na kipande kilichoanza kutumika kikamilifu mwaka 1920 kikamwezesha polisi kumsaka mwanamume aliyeondoka shambani. Mke na watoto wa skwota hawakuandikwa katika kipande, lakini wakati wa kupalilia na kuvuna jasho lao lilihitajika. Mwanamke alifanya kazi bila jina lake kuandikwa popote.

Mwaka 1919 Gavana Edward Northey alitoa waraka uliowahimiza maofisa na machifu wawatafutie walowezi vibarua, wanawake na watoto wakiwemo. Kulazimishwa kwa wasichana na kina mama kufanya kazi ni mojawapo ya malalamiko makuu yaliyomfanya Harry Thuku apendwe na wanawake. Alipokamatwa, na umati kukusanyika nje ya kituo cha polisi Nairobi siku ya Machi 16, 1922, wanaume walikuwa wameanza kutawanyika. Mary Muthoni Nyanjiru akawakemea kwa kukosa ujasiri, akawaongoza wanawake kuelekea lango. Risasi zikafyatuliwa, naye akawa miongoni mwa waliouawa. Huyo hakufa kwa ajili ya siasa za mbali. Alikufa akikataa kazi ya kulazimishwa.

Sasa tufike katika siku zetu. Wahenga walisema ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Katika miji ya Bungoma, Webuye, Kimilili na Kitale, mawakala wa kazi za ng'ambo na wapiga debe wao huwatafuta wasichana waliomaliza kidato cha nne na kina mama wanaolea peke yao. Huahidi mshahara, tiketi ya ndege na chumba cha kulala. Kwa binti ambaye mwaka wa tatu sasa amekaa nyumbani akisaidia kupura mahindi, ahadi hiyo ni nuru. Anakwenda Riyadh, Jeddah, Doha au Beirut, na pengine hajawahi hata kufika Mombasa.

Huko anaingia katika mfumo uitwao kafala. Chini ya mfumo huo kibali cha mgeni cha kukaa nchini kimefungamanishwa na mwajiri, ambaye ndiye mdhamini wake, au kafili. Mara nyingi pasipoti huchukuliwa, ingawa kanuni zenyewe zinakataza. Mfanyakazi akiondoka bila ridhaa, mwajiri anaweza kuripoti kwa wakuu kwamba ametoroka. Taarifa hiyo huitwa huroob, neno la Kiarabu lenye maana ya kukimbia. Kuanzia hapo binti si mlalamishi tena bali ni mtu wa kutafutwa, na aweza kukamatwa, kuzuiliwa na kufukuzwa nchini, hata kama alikimbia kwa sababu alipigwa, alinyimwa chakula au hakulipwa.

Tuyaweke maneno haya pamoja, msomaji, uone yanavyofanana. Bwana wa Malindi wa mwaka 1880 alisema: mtoro. Mlowezi wa Kitale wa mwaka 1925 alisema: ameacha kazi bila ruhusa. Kafili wa leo anasema: huroob. Lugha ni tatu na karne ni tatu, lakini kosa ni moja, nalo ni kuutumia mlango. Popote ambapo kuondoka kazini ni jinai, kazi hiyo ina nasaba na utumwa, hata ikiwa na mkataba, mhuri na mshahara.

Na ule ukuta wa nyumba je? Mwezi Machi 2021 Saudi Arabia ilianza mageuzi yaliyowaruhusu wafanyakazi wengi wa kigeni wa sekta ya kibinafsi kubadilisha mwajiri bila kuomba ridhaa yake. Wafanyakazi wa nyumbani hawakuingizwa. Muuza duka na fundi wa ujenzi walionwa na sheria. Mpishi na yaya hawakuonwa, kwa kuwa wao wamo ndani ya nyumba. Ni hoja ile ile iliyowaacha nyuma masuria wa mwaka 1897. Wahenga wetu waliposema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani, walikuwa wameliona jambo ambalo watunga sheria wa zama zote wamependa kulikwepa.

Gharama yake inahesabika. Uchunguzi wa gazeti la New York Times uliochapishwa Machi 2025 ulipata kwamba angalau Wakenya 274, wengi wao wanawake, walikuwa wamefia Saudi Arabia katika kipindi cha miaka mitano. Mwezi Mei mwaka huo huo shirika la Amnesty International lilichapisha ripoti iliyotokana na maelezo ya wanawake Wakenya zaidi ya 70 waliofanya kazi katika nyumba za nchi hiyo. Walieleza siku za kazi za saa 16 na zaidi, mshahara wa kawaida wa riyali 900 kwa mwezi ambao wengine hawakulipwa wote, milango iliyofungwa na simu zilizonyang'anywa. Walieleza pia matusi ya rangi ambayo msafara wa karne ya 19 usingeyaona mageni.

Lakini tusirudie kosa lile la shuleni la kuwaona wanawake hawa kama watu waliokaa wakingoja. Soma habari zao kwa makini, nawe utazikuta zile njia tatu. Wapo wanaoondoka: wanaoruka ukuta usiku na kutafuta hifadhi kwa Wakenya wenzao. Wapo wanaoshtaki: Januari 2022 kundi la wanawake Wakenya lilipiga kambi mjini Beirut nje ya ofisi ya ubalozi mdogo wa Kenya, wakalala barabarani katika baridi wakidai warudishwe nyumbani. Na wapo wanaosema: wanaojirekodi kwa simu wakiwa wamejifungia chooni, wakituma sauti zao kwa ndugu, na ndugu wakazisambaza mpaka wakubwa wakaona aibu. Wanawake zaidi ya 70 waliokubali kuhojiwa walifanya lile alilolifanya Swema. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo huo sasa unasikika.

Najua lipo pingamizi, na ni la haki kulisikiliza. Watu husema: wanawake hawa wamekwenda kwa hiari yao, na wengine wamerudi salama, wakajenga nyumba za mabati na kuwasomesha ndugu zao. Je, si matusi kuwaita watumwa? Naam, wapo waliofanikiwa, na nyumba zao zinaonekana kando ya barabara. Si kila mwajiri wa Ghuba ni dhalimu, wala si kila mkataba ni mnyororo. Umaskini nao ni mjumbe asiyechoka kubisha hodi, na anayemwambia binti asiende bila kumwonyesha pa kwenda anapiga domo tu.

Hata hivyo pingamizi hilo linachanganya mambo mawili. Hiari ya kuingia si sawa na hiari ya kutoka. Mama yake Swema aliingia msafarani kwa kuomba mwenyewe, na hakuna anayesema kwamba kwa hiyo hakudhulumiwa. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1930 unaieleza kazi ya kulazimishwa kuwa ni kazi inayotozwa mtu kwa tishio la adhabu, naye hakujitolea kuifanya kwa hiari. Basi kipimo si jinsi alivyopanda ndege. Kipimo ni hiki: leo hii, akisema imetosha, je, ataweza kuuvuka mlango bila kuadhibiwa? Aliyefanikiwa hana budi kukumbuka kwamba alimpata mwajiri mwema kwa bahati, na haki haifai kuwa bahati. Ndiyo maana tukaambiwa tusisafirie nyota ya mwenzetu.

Kabla hatujaishutumu Riyadh, tutazame pia jikoni mwetu. Magazeti na wasemaji wa Kiswahili humu nchini wamezoea kumwita mtumishi wa nyumbani kijakazi. Fungua kamusi uone asili ya neno hilo: mtumwa wa kike. Tumelirithi neno, na katika nyumba nyingi tumerithi na tabia yake. Msichana analetwa Kitale au Bungoma mjini kutoka kijijini, huamka wa kwanza na hulala wa mwisho, mshahara wake hupelekewa mzazi au hucheleweshwa, hana siku ya mapumziko, na jina lake halisi halijulikani na wageni. Wengi wa waajiri hao ni watu wenye elimu, nasi walimu tumo. Tunafundisha habari za Rabai asubuhi, na jioni tunamfokea mtoto wa mwenzetu kwa sababu ya chumvi.

Sheria za Kenya haziko upande wetu katika hayo. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 30, inakataza mtu kuwekwa utumwani au kulazimishwa kufanya kazi, na kifungu cha 25 kinasema kwamba haki ya kutowekwa utumwani haiwezi kupunguzwa kwa sababu yoyote. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 haikuuacha mlango wa jikoni nje, na mwaka 2012 Mahakama ya Viwanda, katika kesi iliyoletwa na mwanamke aliyekuwa mtumishi wa nyumbani, ilithibitisha kwamba mfanyakazi wa aina hiyo analindwa kama mwingine yeyote. Huyo naye alipita njia ya kushtaki. Aidha, Sheria ya Kupambana na Ulanguzi wa Binadamu ya mwaka 2010 inamwekea mlanguzi kifungo kisichopungua miaka 30 au faini isiyopungua shilingi milioni 30. Upungufu wetu, basi, si wa karatasi. Karatasi haitembei yenyewe, na hilo watoro wa Rabai walilijua kabla yetu.

Walimu wafanye nini? Mambo manne yamo katika uwezo wao, wala hayahitaji bajeti. Kwanza, somo la utumwa lifundishwe pamoja na wanawake wake. Wanafunzi wapelekwe kuyaona mawe ya Kitale, waulizwe ni nani waliokaa pale, na waandike simulizi za bibi zao kabla hazijazikwa nao. Pili, mkataba wa kazi usomwe darasani kama unavyosomwa ushairi, neno kwa neno. Msichana wa kidato cha nne ajue kuuliza ni nani mwajiri, mshahara ni kiasi gani, saa ni ngapi, na nani atalipa nauli ya kurudi. Ajue kuhakikisha kwamba wakala ameandikishwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, na aache nyumbani nakala ya pasipoti na ya mkataba. Tatu, wazazi waambiwe kwamba simu iliyonyamaza ghafla si dalili ya binti aliyenogewa na starehe. Ni jambo la kuripotiwa.

La nne ndilo gumu kuliko yote, kwa kuwa limo vinywani mwetu. Tuache kumwaibisha anayerudi mikono mitupu. Binti akitoroka dhuluma akashuka kwenye matatu pale Bungoma na mfuko mmoja wa plastiki, kijiji humcheka: wenzake wamejenga, yeye amerudi na nini? Kuna wasichana wanaovumilia kipigo mwaka mzima kwa kuogopa kicheko hicho tu. Mwaka 1914 Mekatilili wa Menza alitoroka uhamishoni huku magharibi mwa Kenya, akarudi kwao Giriama mikono mitupu, nasi tumemweka katika vitabu vya mashujaa. Tulimsifu kwa kutoroka. Kwa nini basi binti wa jirani, aliyeruka ukuta kwa ujasiri ule ule, tumwite mtoro?

Yale mawe ya Kitale yangalipo. Hatuwezi kuwafungulia waliopita hapo. Walio hai, ambao wako nyuma ya milango ya Riyadh, ya Beirut, na pengine ya jirani yetu hapa mtaani, wangali wanatafuta njia ya kutoka. Binti akifika kwenu usiku akihema na bila viatu, usimwulize ni ruhusa ya nani aliyopewa. Mfungulie.